Maoni ya Dirisha Jeusi

Jumatatu niliwabadilishia dirisha jeusi,
lile la kuandikia amri, mashine zote sita
za ofisi ya maji, ghorofa ya juu, Langoni,
ambako ukuta wa matumbawe hutokwa chumvi
na kibodi hupata kutu kabla ya kuzeeka.
Jumanne nikaweka daftari mezani: andikeni maoni.

Mwanatumu wa ankara akatangulia:
*Jepesi. Hufunguka kabla sijamaliza kukaa.*
Chini yake Lali, kwa kalamu ileile:
*Zito. Limekula kumbukumbu yote, mashine yahema.*
Mashine zao ni pacha. Nilizinunua siku moja,
duka moja, na risiti ni moja.

Swaleh wa mita hakugusia kazi.
Alitaka weusi uwe angavu,
nyuma ya amri ionekane pikipiki ambayo hajainunua.
Nikamwekea. Akashinda akisoma tarakimu
kati ya taa na tairi,
na nyumba moja ya Gadeni ikatozwa maji ya msikiti.
Hata hivyo kaandika: *nyota tano*.

Famau wa stoo haandiki ila kwa mizani,
hata akiomba karatasi ya choo:

*Dirisha ulilotupa, mwanangu halina kosa,*
*Ila mato yaogopa, kijani kinayatesa,*
*Nikinakili hulipa, nusu, nusu hunikosa,*
*Nirudishie la jana, hili lipe wa kisasa.*

Sikumjibu. Nilipunguza kijani.
Kesho yake akanishukuru kwa kumrudishia la jana.

Usiku nikayasoma yote, nikiwa peke yangu na feni.
Dirisha hili, kusema kweli, si kitu chenyewe, ni mwigo.
Linaiga sanduku la chuma lenye kioo
lililokufa ugenini kabla sijazaliwa.
Upana wa herufi themanini, ni wake.
Kengele inayolia tukikosea, ni yake.
Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuligusa,
na bado linatukemea.

Nyuma ya ofisi fundi Kupi huchonga milango ya hoteli,
mipya, akaipaka chai ya rangi ionekane ya kale.
Nilimuuliza kama huo si uongo.
Akapuliza vumbi kwenye patasi.
"Bawaba ni za kweli," akasema.
"Ukiusukuma ukafunguka, wataka nini tena?"
Nikaliandika hilo nalo kwenye daftari,
ingawa hajapata kugusa kompyuta.

Ukurasa wa Bi Zulekha ulikaa mtupu hadi Ijumaa.
Miaka ishirini na sita ya hesabu, mwandiko wa wima:
*Kile kijiti hakipepesi.*
Nikamwendea. Kijiti gani?
"Kile kinachosimama mahali pa neno lijalo.
Zamani nikitoka kuswali, nikirudi, nakikuta chapepesa,
najua mashine yaningoja.
Hiki kimenikodolea tu, kama mtu niliyemkosea
na hataki kunambia nimemkosea nini."

Nikafungua faili la mipangilio, mistari mia tatu,
nikatafuta, nikafuta *hapana*, nikaandika *ndiyo*.
Kikapepesa.
Bi Zulekha akavuta kiti, akavaa miwani,
akaendelea na madeni ya Wiyoni bila kunitazama.
Shukrani yake ni hiyo, nimeizoea.

Lali akapita, akakiona, akashika paji:
kile kitu chamtia kitwa.
Basi mashine tano zimekodoa, moja yapepesa,
moja ina pikipiki,
na mimi ndiye nitakayeulizwa siku zikivurugika.

Jumamosi nilichukua daftari nikaandike ripoti.
Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko nisioujua:
*Chai tatu, mahamri manne. Swaleh hajalipa.*

Ripoti nimeandika wameridhika.
Hakuna aliyeniuliza mimi naonaje.
Mashine yangu, ile ya pembeni, karibu na dirisha la mbao,
sikuibadilisha.